Makondo na Magari ya Kampala

Hapa Mengo, usiku ukiingia, waendesha bodaboda hufunga pikipiki zao kwa minyororo. Wazazi wetu waliogopa wezi wa aina nyingine: makondo.

Katika miaka ya 1960, makondo walikuwa majambazi wenye silaha. Kondo hakuvunja kioo kwa siri. Alimwelekezea dereva bunduki, akachukua ufunguo na gari. Mwaka 1968 serikali ya Milton Obote ilipitisha adhabu ya kifo kwa unyang'anyi wa silaha. Hata hivyo haukukoma. Januari 1971, jeshi lilipompindua Obote, makondo walitajwa katika zile sababu 18 zilizosomwa redioni.

Mwaka 1972 Idi Amin alitoa amri iliyowaruhusu askari kumpiga risasi mtu waliyemshuku kuwa kondo. Je, wenye magari walipata usalama? Hapana. Aliyeuawa barabarani hakuweza kujitetea mahakamani, na askari aliyetamani gari la mtu aliweza kumwita mwenyewe kondo. Watu wakaanza kuogopa buti la gari, maana waliokamatwa na watu wa usalama walitiwa humo, na wengi hawakurudi.

Tangu 2023 Uganda inafunga vibao vya namba vya kidijitali ili magari yafuatiliwe. Vitasaidia kumnasa mwizi. Lakini kifaa kinachomfuata mwizi kinamfuata pia mwenye gari. Kwa hiyo tusiulize tu jinsi ya kumzuia mwizi. Tuulize pia nani atamzuia mlinzi akikosea.