Mamogramu na SHA: Nani Hulipa Bili Ukisaka Cancer ya Matiti?

Uko Lukenya, campo ya Daystar ama job pale EPZ Athi River, na umeskia kitu ngumu kwa titi. Swali la kwanza ni afya. La pili ni doo. Cheki vile mambo huwa.

Kenya ilirekodi zaidi ya kesi 7,000 mpya za cancer ya matiti mwaka wa 2022. Wanaume pia hupata, ingawa ni wachache. Ikinaswa mapema, inatibika poa zaidi.

Screening si diagnosis
Screening ni kupimwa ukiwa fiti, bila dalili yoyote. Mwongozo wa Kenya unasema mamogramu kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 55, kisha kila miaka miwili hadi 74. Kama uko chini ya hapo, daktari hukupima kwa mikono. Ultrasaundi ndio hutumika sana kwa masupuu, juu titi la msichana limeshikana na mamogramu haioni ndani vizuri.

Diagnosis ni ukishaona dalili: uvimbe, chuchu kutoa damu, ngozi kujikunja. Hapo kuna picha, halafu biopsi, yaani kutoa kipande kidogo kipelekwe labu. Biopsi pekee ndio huthibitisha kama ni cancer.

Tofauti hii ni ya maana kwa bima. Kava nyingi za kampuni binafsi hulipia vipimo ukiwa na dalili, kwa pesa za outpatient, lakini screening ya kawaida zinaweza kuikataa. Soma policy yako kabla uingie kwa mashine.

SHA je?
SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Iko na mifuko mitatu:

- Afya ya msingi: dispensari na health centre, bure ukishajisajili.
- SHIF: hospitali kubwa, lazima uwe umelipa.
- Magonjwa sugu na dharura: kwa magonjwa sugu, huingia SHIF ikiisha. Kwa cancer, mpango ulianza na 400,000 za SHIF na 150,000 juu yake, kwa familia kwa mwaka.

Ukiwa na payslip, unakatwa asilimia 2.75. Mshahara wa 20,000 ni 550 kwa mwezi. Hustler hulipa ya mwaka mzima, kuanzia 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Ukikosa zote mara moja, kuna Lipa SHA Pole Pole.

Fanya hivi
1. Piga *147# uone kama uko active. Kama bado uko kwa kava ya mathe, hakikisha jina lako liko.
2. Anzia health centre ya mtaa, upimwe kwa mikono na upewe barua ya rufaa. Kaunti hii, rufaa kubwa ni Machakos Level 5.
3. Kabla ya kipimo, uliza: SHA inalipa ngapi, na mimi natoa ngapi mfukoni?

Usingoje iume. Uvimbe mwingi si cancer, lakini ule wa cancer mara nyingi hauumi mwanzoni. Tumia hii mathe, dada na beshte zako.