Mmarekani Aliyepita Juu Yetu Karibu na Futari

Tarehe 20 Februari 1962 ilikuwa katikati ya Ramadhani. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa jamvini kwetu Wete, Pemba, tende mkononi, nangojea adhana. Saa 11:47 jioni kwa saa zetu, mwanaanga John Glenn alirushwa kutoka Florida, na nusu saa baadaye alikuwa akipita juu ya bahari yetu, akizungumza na kituo cha Wamarekani cha mawasiliano ya anga kilichokuwa Tunguu, Unguja. Hatukuona kitu. Habari tuliisikia kesho yake kwenye redio ya jirani.

Bibi alikuwa na mbuzi ya nazi, anakuna. Akasita. "Na hicho chombo kikituangukia mikarafuuni, nani atatulipa?"

Baba hakumcheka. "Ndilo swali lenyewe, mama."

Swali hilo lilishatikisa siasa za visiwa vyote viwili. Mkataba wa kituo ulitiwa saini mwaka 1960 kati ya Uingereza na Marekani. Sisi tulikuwa chini ya himaya, hatukuulizwa. Chama cha Hizbu (ZNP), Katibu Mkuu wake akiwa Abdulrahman Babu, kiliupinga: Warusi na Wamarekani wakipigana, bomu litatufuata sisi. Barazani Wete wengine walisema Tunguu kutarushwa maroketi. Hilo halikuwa kweli. Kazi ya kituo ilikuwa kuzungumza na mwanaanga na kupokea vipimo, hata mapigo ya moyo wake. Lakini wasiwasi ule haukuwa ujinga, na sitakubali uitwe hivyo. Watu walitaka kujua kilichowekwa kwenye ardhi yao na kwa idhini ya nani.

Cha kushangaza, Glenn alipopita, serikali ilikuwa ya Hizbu na mshirika wake, chama cha ZPPP, chini ya Mohammed Shamte, mtu wa Pemba, na kituo kilikuwa palepale. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Babu, aliyekwishahama Hizbu na kuunda chama cha Umma, akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwezi wa Aprili serikali ya Rais Karume ikaamuru kituo kiondolewe. Kazi yake ikahamia Madagaska.

Leo Tunguu pana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wanafunzi wa pale, nawaombeni: pandeni boti mje Pemba, mwaulize wazee walisema nini barazani miaka ile, na muandike majina yao. Waliobaki ni wachache.