Baada ya Fumbo Kufumbuliwa: Ushahidi na Haki katika Riwaya Mpya za Uhalifu za Kiafrika

Riwaya ya upelelezi, yaani masimulizi yanayojengwa juu ya uhalifu ambao mtendaji wake au sababu yake imefichwa hadi mtu mmoja aichimbue, hutegemea mapatano ambayo msomaji hayatambui kwa urahisi. Katika kazi za Arthur Conan Doyle, aliyemtambulisha Sherlock Holmes mwaka 1887, na za Agatha Christie baada yake, ukweli ukishatajwa mbele ya wahusika waliokusanyika chumbani kwa kawaida hadithi imekwisha, kwa kuwa msomaji anaamini kwamba nje ya chumba kile wapo polisi watakaomkamata mkosaji na jaji atakayeusikiliza ushahidi. Hata pale Holmes anapomwachia mtu, humwachia kwa hiari yake, akijua kwamba mahakama ingempokea lau angempeleka. Riwaya kadhaa za uhalifu zilizoandikwa na Waafrika tangu mwaka 2009 zinastahili kusomwa kwa makini kwa sababu zinayavunja mapatano hayo: ndani yake swali la nani aliyeua hujibiwa mapema au hujibika bila taabu kubwa, na uzito wote huhamia kwenye swali gumu zaidi, nalo ni nani aliye tayari kuupokea ukweli huo na kuufanyia kazi.

Mfano ulio wazi ni Lightseekers, riwaya ya kwanza ya Femi Kayode, Mnigeria anayeishi Windhoek nchini Namibia, iliyotoka mwaka 2021. Kayode alisomea saikolojia ya tiba kabla ya kufanya kazi ya matangazo ya biashara, na mpelelezi wake, Philip Taiwo, si polisi bali mwanasaikolojia wa uchunguzi, mtaalamu anayesoma mwenendo wa watu na mazingira yao ili kueleza kwa nini uhalifu ulitokea. Taiwo amerudi Nigeria baada ya kuishi Marekani, na anaombwa na baba wa mmoja wa wanafunzi watatu waliouawa na umati aende Okriki, mji wa kubuni, akatafute sababu. Wauaji hawakujificha, kwani tendo lilifanyika mbele ya watu wengi na likarekodiwa kwa simu, na baadhi ya watuhumiwa wameshafikishwa mahakamani. Kwa hiyo kidokezo cha kawaida, alama ya kidole au kisu kilichotupwa, hakina kazi hapa. Kinachotafutwa ni namna majirani wanaouziana samaki na kusali pamoja walivyofikia kuua vijana waliowafahamu.

Nyuma ya riwaya hii lipo tukio la kweli. Tarehe 5 Oktoba 2012 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Port Harcourt waliuawa na umati katika jumuiya ya Aluu baada ya kutuhumiwa wizi, na picha za video za mauaji yao zikaenea nchi nzima. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu kifo watu watatu, mmoja wao akiwa askari polisi. Jambo hilo la mwisho linafafanua kwa nini Kayode hakuweza kumpa polisi nafasi ya mfumbuaji. Taarifa fupi za magazeti kuhusu mtuhumiwa aliyeuawa na wananchi wenye hasira kali, ambazo msomaji wa Afrika Mashariki amezizoea kiasi cha kuzipita bila kusimama, huishia pale pale ambapo riwaya hii inaanzia, na nguvu yake iko katika kumtoa mtu mmoja mmoja kutoka ndani ya umati, akiwa na hofu yake, kisasi chake na imani yake ya dini, hadi neno umati lenyewe linakosa mahali pa kumficha mtu. Kasoro iko mwishoni, ambapo mwandishi, kwa kuifuata desturi ya hadithi za taharuki, anamleta mtu aliyechochea kwa siri. Kufika kwake kunawapunguzia wengine mzigo ambao sura za mwanzo, kama zingeachwa ziseme, zilikuwa zimeshawatwisha kwa haki.

Oyinkan Braithwaite hakuanguka katika mtego huo. My Sister, the Serial Killer, iliyotoka mwaka 2018 na kuingizwa katika orodha ndefu ya Tuzo ya Booker mwaka 2019, inamtaja muuaji tangu kurasa za kwanza: ni Ayoola, msichana mzuri wa Lagos ambaye ameshaua wanaume watatu, na msimulizi ni dada yake mkubwa Korede, muuguzi anayejua dawa gani ya kusafishia inatoa damu kwenye sakafu. Taharuki, yaani ile hali ya msomaji kuning’inizwa kati ya kujua na kutojua, haitokani tena na utambulisho wa muuaji bali na ukimya wa shahidi. Korede anayo habari yote, lakini mtu pekee anayemweleza ni mgonjwa aliyepoteza fahamu katika wodi yake, na uamuzi huu wa kisanaa una maana pana kuliko unavyoonekana. Katika mji ambamo askari wa barabarani hupokea hongo bila haya, na ambamo marehemu baba yao alizoea kuwapiga watoto wake huku jamii ikimheshimu kwa mali yake, sikio salama kuliko yote ni la mtu asiyesikia. Kisu ambacho Ayoola anakitumia kilikuwa cha baba huyo. Braithwaite haelezi kwamba ukatili wa baba unahalalisha mauaji ya binti. Anaonyesha tu kwamba nyumba iliyojifunza kunyamazia jeraha la kwanza haikuwa na njia nyingine ya kuyapokea yaliyofuata, na mgonjwa yule anapozinduka, msomaji anajikuta akiogopa kusemwa kwa ukweli badala ya kuutamani. Hofu hiyo ndiyo mafanikio makubwa ya riwaya, kwa kuwa inamfanya msomaji mwenyewe kuwa mshiriki wa ukimya.

Kwa Mukoma wa Ngugi suala linachukua sura ya kisiasa moja kwa moja. Katika Nairobi Heat, iliyotoka mwaka 2009, mpelelezi Mmarekani mweusi, Ishmael, anaondoka Wisconsin kwenda Nairobi kuchunguza maisha ya profesa Mnyarwanda anayesifiwa kwa kuokoa watu wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambaye mlangoni kwake umekutwa mwili wa msichana Mzungu. Mwenzake wa Nairobi, anayeitwa O, hutumia bastola pale anapoona mahakama haitamfikia mkosaji, na riwaya haimpi msomaji nafasi ya kumhukumu kwa wepesi. Black Star Nairobi ya mwaka 2013 inawaweka wawili hawa katika Kenya ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliweka majina ya washukiwa wakuu ndani ya bahasha iliyofungwa, ambayo Kofi Annan, msuluhishi wa mgogoro huo, aliifikisha kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2009. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikakomeshwa Aprili 2016. Mwandishi yeyote wa upelelezi angejivunia kubuni bahasha kama ile. Historia iliitoa bure, kisha ikaimaliza hadithi bila hukumu.

Msomaji wa Kiswahili hazifikii riwaya hizi mikono mitupu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimuumba Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, na ingawa mara nyingi husemwa kwamba mvuta kiko huyo ni Holmes aliyevishwa kanzu, tofauti yao ni kubwa. Mafumbo ya Bwana Msa aghalabu ni ya nasaba, ndoa na urithi, na ufumbuzi wake hupokelewa barazani na ndugu, marafiki na Inspekta Seif, ambao wote wanaweza kuishi na ukweli huo. Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ni mtumishi wa dola, na adui yake ni ukoloni na vibaraka wake; imani yake kwa serikali iliyomtuma haitikisiki. Baraza kwa mmoja na dola kwa mwingine zilitosha kuwa mpokeaji wa ukweli. Kinachokosekana katika urithi huu, na ambacho Kayode na wenzake wanakitoa kwa Kiingereza, ni mpelelezi mwenye ushahidi kamili na asiye na pa kuupeleka.

Mukoma ni mmoja wa waanzilishi wawili, pamoja na Lizzy Attree, wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa hiyo mlango wa kulijaza pengo hilo kwa Kiswahili upo, na uwanja ambao mwandishi wa Kiswahili anaweza kuuchukua ukawa wake peke yake uko karibu mno kuonekana. Kwa miongo mingi shahidi katika mahakama za Tanzania za juu ya mahakama ya mwanzo alisema kwa Kiswahili huku hakimu au jaji akiandika kwa Kiingereza, hata mtu akafungwa au kuachiwa kwa kumbukumbu ya maneno ambayo hakuyatamka, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kati ya alichosema shahidi na kilichoandikwa kwenye jalada panaweza kufichwa muuaji, mshitakiwa asiye na hatia au hongo, na mpelelezi wa kuyasoma majalada hayo, pengine karani wa mahakama aliyekuwapo siku zote akisikiliza lugha zote mbili, bado hajaandikwa kwa ukubwa unaomstahili.