Maumivu Yanayoendelea Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Mtu aliyefanyiwa operesheni ya mgongo, kidonda kikapona, miezi ikapita, na bado kiuno kinamuuma na mguu unawaka moto hadi unyayoni, kwa miongo mingi aliandikwa na madaktari wanaotumia Kiingereza kuwa ana sindromu ya upasuaji wa mgongo ulioshindwa. Ukilifasiri jina hilo neno kwa neno, Mswahili wa Muscat atalifupisha papo hapo: operesheni imeshindwa. Nashikilia kwamba tafsiri hiyo inamdhuru mgonjwa, na kwamba jina linalotufaa ni maumivu yanayoendelea baada ya upasuaji wa mgongo. Sababu zangu zinaanzia kwenye tiba kabla ya kufika kwenye lugha.

Upasuaji wa diski ulipata msukumo mkubwa mwaka 1934, pale Mixter na Barr wa Boston walipoonyesha kwamba diski iliyopasuka kati ya pingili mbili inaweza kuubana mzizi wa neva, na kwamba kuiondoa kunaweza kuutuliza mguu. Lengo la msingi halijabadilika sana tangu hapo: mpasuaji huipa nafasi neva iliyobanwa, au huziunga pingili zisizotulia. Hayo ni mambo ya umbo, na picha ya MRI inaweza kuonyesha kwamba yamekwenda sawasawa. Maumivu ni jambo jingine. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza kubaki imejeruhika hata baada ya kufunguliwa. Kovu huota kuizunguka. Pingili za jirani hubeba mzigo zaidi kuliko zamani. Pengine chanzo kilikuwa kwenye kiungo kati ya uti wa mgongo na nyonga, na hakuna aliyekigusa. Tena ubongo na mfumo mzima wa neva huweza kuzoea ishara za maumivu kiasi cha kuzikuza. Zaidi ya hapo, kuondoa diski hutuliza mguu vizuri kuliko kunavyotuliza kiuno, jambo ambalo mgonjwa anastahili kuambiwa kabla hajatia saini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya watu 100 waliopasuliwa kiuno, 10 hadi 40 hubaki na maumivu. Kundi kubwa namna hiyo haliwezi kuelezwa lote kwa kosa la kisu.

Tena kilichoshindwa hurudiwa. Hivyo ndivyo neno "ulioshindwa" linavyofanya kazi kichwani mwa mgonjwa na jamaa zake: anatafutwa daktari mwingine, hospitali nyingine, na kwa watu wa Oman safari ya India au Thailand kwa matibabu imeshazoeleka. Safari yenyewe si kosa. Tatizo ni kwamba nafasi ya kupata nafuu hupungua kwa kila operesheni inayorudiwa, hasa pale ambapo hakuna sababu iliyo wazi ya kupasua tena, kama vile diski iliyotoka upya. Mtu anarudi na makovu mawili badala ya moja, na swali lake ni lile lile.

Madaktari wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2021 kundi la wataalamu likiongozwa na Nick Christelis lilipendekeza jina jipya la Kiingereza, persistent spinal pain syndrome, lisilomtaja aliyeshindwa, nalo likagawa hali hii katika aina 2: aina ya 1 kwa asiyepasuliwa, au ambaye maumivu yake hayahusiani na upasuaji, na aina ya 2 kwa ambaye yameendelea baada ya kupasuliwa. Pendekezo hilo lilitolewa ili liende sambamba na orodha ya 11 ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambayo inayahesabu maumivu kuwa ya muda mrefu yakizidi miezi 3. Kulileta jina hilo kwenye Kiswahili kunadai uangalifu. "Maumivu sugu" ndilo linalokuja kwanza mdomoni, lakini sugu ni neno la mhalifu asiyerekebika na la kijidudu kisichosikia dawa. Mzee akiambiwa hivyo anasikia kwamba hana tiba. "Ya kudumu" ni hukumu ya maisha. "Endelevu" limeshachukuliwa na mipango ya maendeleo, na linasifu. "Uti wa mgongo" nao unawakumbusha wengi homa ya uti wa mgongo, ugonjwa mwingine kabisa. Kitenzi cha kawaida, yanayoendelea, kinasema kweli tu: yapo leo, na hakuna aliyetabiri kesho. Pale penye nafasi ningeongeza "ya mgongo na mguu", kwa sababu wengi wanaoteseka huumwa na mguu pia.

Kuna watakaosema jina hili laini linawakinga wapasuaji. Hoja hiyo ina uzito, kwani pingili isiyo yake hupasuliwa, skrubu hukaa vibaya, usaha hubaki ndani. Lakini kosa la namna hiyo lina jina lake, na lazima litafutwe kwa uchunguzi kabla istilahi hii haijatumika. Neno "ulioshindwa" halimsaidii mgonjwa kudai haki. Linamrushia kila mpasuaji lawama ile ile, aliyekosea na asiyekosea, hata yule aliyekosea anajificha katika umati.

Pingamizi la pili ni la hapa hapa Muscat. Hospitalini watu husema Kiarabu na Kiingereza. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa 1986, hufundisha udaktari kwa Kiingereza. Istilahi ya Kiswahili ya nini? Ni ya wale waliotoka Zanzibar na pwani, baadhi yao baada ya mapinduzi ya 1964 na wengine wengi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala 1970, ambao sasa ni bibi na babu, na ambao maumivu yao huyasema kwanza kwa Kiswahili, kisha mjukuu akayafasiri mbele ya daktari. Humo njiani mengi hupotea. Dodoso la DN4, linalotumika kutambua maumivu yatokanayo na neva, lina vipengele 10, na alama 4 zinatosha kuelekeza huko. Linauliza kama panawaka moto, kama pana baridi inayouma, kama panapiga shoti ya umeme, kama panachoma kama sindano, kama pana ganzi, kama panawasha. Kiswahili kinayo maneno hayo yote. Mjukuu akiyakusanya katika "mshipa unamuuma" ameyafuta, maana mshipa kwetu ni wa damu, ni wa neva, ni hata ngiri. Kiarabu nacho hakiokoi: irq ya irq an-nasa, jina la maumivu yashukayo mguuni, ina utata ule ule. Na jibu la dodoso hubadili dawa. Maumivu ya neva huelekezwa kwenye pregabalini, gabapentini, duloksetini au amitriptilini, wala si kwenye vidonge vya kawaida vya maumivu. Mazoezi ya viungo na kujipimia kazi huandamana nazo, na kwa wachache kipo kifaa cha kupeleka umeme mdogo kwenye neva za mgongoni, kilichopandikizwa mara ya kwanza mwaka 1967.

Jina lina mpaka wake. Anayeanza kushindwa kuuzuia mkojo au choo, au mkojo ukagoma kutoka, anayepata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, ambaye mguu unazidi kulegea, au aliyepata homa na kidonda kikatoa usaha, hayumo ndani ya istilahi hii. Huyo apelekwe idara ya dharura siku hiyo hiyo, Hospitali ya Khoula hapa Muscat au hospitali iliyo karibu zaidi, na anayemfasiria aanze na mkojo, ganzi na homa kabla ya kueleza habari za operesheni.