Akidi

Tumelizoea bungeni na kwenye mikutano ya ushirika: akidi isipotimia, hakuna uamuzi. Wataalamu wa kompyuta nao wanalihitaji neno hili. Mmoja wao, Leslie Lamport, katika makala yake ya 1998, aliwaza bunge la kale la kisiwa cha Paxos, Ugiriki, ambako wabunge huingia na kutoka wapendavyo na barua hupotea njiani. Ndivyo zilivyo seva tano kwenye mtandao usioaminika. Tatu zikiafikiana, akidi imetimia na jambo limepita. Na kundi lolote jingine la tatu lazima liwe na angalau seva moja iliyoshuhudia makubaliano hayo. Msiandike “wengi” tu badala ya akidi, nawasihi. Wengi waweza kuwa wengi wa waliohudhuria. Akidi huhesabiwa kwa wote, hata walio kimya. Seva mbili zilizotengwa, hata zikikubaliana kabisa, haziamui kitu.