Kabla ya kujaza fomu: Shahada ya kwanza hupimwa vipi?

Musoma. KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za Kigera, Nyasho, Mwisenge na kata nyingine za Manispaa ya Musoma huingia katika hesabu moja: kijana aombe shahada gani, na katika chuo kipi.

Hesabu hiyo ni ngumu zaidi kwa mkazi wa Mara kuliko kwa mkazi wa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mkoa huu, ukiacha kituo cha Chuo Kikuu Huria, haukuwa na chuo kikuu chake. Kijana alipanda basi kwenda Mwanza, Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam kusoma mahali ambapo hakuwahi kupaona, katika fani aliyoijua kwa jina tu. Aliyechagua vibaya aligundua kosa lake akiwa tayari na deni.

Zamani uchaguzi wenyewe ulikuwa mdogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Sokoine cha Morogoro kilizaliwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Aliyepata nafasi hakuuliza ubora, alishukuru. Baada ya hapo milango ilifunguliwa kwa mashirika ya dini na watu binafsi, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza mwaka 2007, na shahada zikawa nyingi kiasi kwamba ndani ya fani moja mwombaji anakuta vyuo kumi na zaidi.

Kinachozitenganisha shahada hizo kwanza ni ithibati, yaani kibali kinachothibitisha kwamba chuo na programu vimekaguliwa. Kazi hiyo hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 kurithi Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Tume hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaotaja programu zinazotambuliwa, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Kwa kawaida kiwango cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1.

Mwongozo huo ni wa lazima kusomwa, maana mwaka 2017 Tume ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na programu 75 katika vyuo vingine 22. Hata hivyo, mwongozo hausemi kila kitu. Unaonyesha programu iliyovuka kiwango cha chini, lakini haumwambii mzazi ni ipi kati ya zilizovuka inayofundishwa vizuri.

Wengi hujaza pengo hilo kwa kutazama wastani wa alama za wahitimu, maarufu kama GPA. Katika ngazi ya shahada ya kwanza, daraja la kwanza huanzia 4.4 hadi 5.0, daraja la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na ufaulu wa kawaida 2.0 hadi 2.6. Vipimo hivyo vinafanana, lakini mitihani haifanani. Kila chuo hutunga na kusahihisha mitihani yake, ingawa huwaita watahini wa nje kuipitia. Kwa hiyo 3.8 ya chuo kimoja si lazima ilingane na 3.8 ya kingine.

Funzo la Shule ya Sheria

Tukio lililoweka jambo hilo hadharani lilitokea mwaka 2022. Shule ya Sheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam hupokea watu ambao tayari wana shahada ya sheria kutoka vyuo mbalimbali na kuwaandaa kuwa mawakili. Ndipo mahali pekee ambapo wahitimu wa vyuo vyote vya sheria nchini hukalia mtihani mmoja.

Oktoba mwaka huo ilibainika kuwa kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, 26 tu walifaulu masomo yote, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu.

Mjadala uliofuata uligawanyika. Wapo walioilaumu shule yenyewe, ukali wa usahihishaji wake na wingi wa masomo katika muda mfupi. Wengine walivinyooshea kidole vyuo vikuu kwa kudahili wanafunzi wengi kuliko uwezo wa wahadhiri, na kuwaachia wafike mwaka wa mwisho bila kumudu Kiingereza cha kuandikia hoja. Pande zote zilikuwa na la kusema. Lakini kwa mzazi aliyelipa ada miaka mitatu au minne, hoja ilikuwa moja: cheti cha shahada hakikutosha kumweleza alichonunua.

Fani nyingine zina milango kama hiyo. Mhandisi husajiliwa na bodi yake, mhasibu hukalia mitihani ya NBAA, na daktari hupita mafunzo ya mwaka mzima hospitalini baada ya kuhitimu. Swali la maana kwa chuo chochote ni wangapi kati ya wahitimu wake wanavuka mlango huo. Chuo chenye jibu zuri hulitoa haraka.

Wanafunzi wenyewe wanajua nini?

Chanzo kingine cha taarifa ni wanafunzi waliomo ndani. Mwishoni mwa muhula hupewa fomu ya kumtathmini mhadhiri: alifika darasani, alimaliza muhtasari, alirudisha kazi kwa wakati? Katika baadhi ya vyuo fomu hujazwa kwenye mtandao, na asiyejaza haoni matokeo yake. Matokeo ya fomu yenyewe, hata hivyo, hubaki ofisini. Mwombaji wa Kigera hawezi kuyaona, nayo ndiyo yangemsaidia kuliko picha za majengo.

Hubaki kuuliza ndugu na majirani waliotangulia, na hapo yafaa kuuliza maswali sahihi. "Chuo ni kizuri?" halina jibu. Afadhali kuuliza darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi, semina zinaongozwa na nani, na kama vifaa vya maabara vinaguswa na mwanafunzi au vinaonyeshwa tu na fundi. Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Mahali ambapo kazi za muhula hurudi zikiwa na maelezo ya makosa, mwanafunzi hujifunza. Zinaporudi na namba tu, au zisiporudi kabisa, hungoja mtihani kama anayengoja bahati nasibu.

Msamiati wa wanafunzi nao unafundisha. "Kusapu" ni kurudia mtihani wa somo, "kudisko" ni kuondolewa chuoni kwa kushindwa, na "bumu" ni fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Mara nyingi maneno haya huenda pamoja, kwani bumu likichelewa, mwanafunzi anayepanga chumba mbali na chuo hukosa nauli, hukosa vipindi, kisha husapu.

Malazi, kwa hiyo, ni sehemu ya ubora wa masomo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliteseka kwa uhaba wa vitanda kiasi cha wanafunzi kubebana vyumbani, hadi mwaka 2017 yalipofunguliwa mabweni mapya yenye nafasi 3,840. Mzazi anayehesabu ada pekee na kusahau chumba hajamaliza hesabu.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo kipimo kinachopuuzwa zaidi. Chuo kikimwambia mwanafunzi ajitafutie ofisi, mtoto wa mwenye jina hupata nafasi nzuri na mtoto wa mvuvi huishia kupiga chapa barua. Vyuo vyenye makubaliano na viwanda, mashamba au hospitali huondoa tofauti hiyo.

Maswali haya sasa yamesogea karibu na nyumbani. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na kuzikwa mwaka 1999, ndipo makao ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina lake. Chuo hicho ni miongoni mwa wanufaika wa mradi wa kuboresha elimu ya juu, HEET, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 425.

Chuo kichanga hakiwezi kupimwa kwa wahitimu wake, ila kwa wahadhiri kinaowaajiri, mashamba na maabara kilizonazo, na jinsi mitaala yake inavyogusa samaki wa Ziwa Victoria, pamba ya Bunda na mifugo ya Serengeti. Ukaribu nao una faida yake: mzazi wa Kigera anaweza kwenda asubuhi, akaingia maabara, akarudi mchana.

Safari hiyo ya nusu siku ni nafuu kuliko deni. Aliyekopeshwa na Bodi, akipata ajira, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ilitangazwa kufutwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei Mosi 2021, lakini mkopo wenyewe hulipwa wote, hata kama shahada iliyonunuliwa nao haikumpa mhitimu kazi aliyoisomea.