Python 3.0: Toleo lililoachana na programu za zamani

LUGHA ya kuandikia programu za kompyuta ya Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ilipata toleo la 3.0 Desemba 3, 2008. Toleo hilo lilikusudiwa kuondoa kasoro za msingi, hata kama programu nyingi za zamani zingeshindwa kufanya kazi.

Badiliko lililoonekana mapema ni la amri ya print, inayoonyesha maandishi kwenye skrini. Awali haikuhitaji mabano. Sasa mabano ni lazima.

Hesabu nazo ziliguswa. Katika Python 2, kugawa 7 kwa 2 kulitoa 3, kwani desimali ilitupwa. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Hatari yake ni kwamba programu isiyorekebishwa yaweza kuendelea kufanya kazi bila kuonyesha kosa, huku ikitoa majibu tofauti.

Aidha, maandishi sasa hufuata mfumo wa Unicode, unaobeba herufi za Kiarabu, Kichina na nyinginezo, nayo yametenganishwa na data ghafi.

Licha ya kuwapo kwa programu saidizi ya 2to3, watumiaji walihama polepole. Huduma kwa Python 2, iliyopangwa kukoma mwaka 2015, iliongezewa muda hadi Januari 1, 2020. Kasoro za usalama zinazogundulika sasa katika toleo hilo hazirekebishwi tena na wasimamizi wa lugha hiyo.